ULIZA MWALIMU: Fest yia, wahi wiki ya orientesheni na ujifunze kusoma kichuo

Wiki hizi barua nyingi zinazoingia ni za fest yia na wazazi wao, kwa hiyo ukurasa wote wa leo ni wao. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

*

Shikamoo mwalimu. Mimi nimechaguliwa Mlimani pale UDSM, kwetu ni Sumbawanga. Kwenye fomu ya kujiunga wameandika kuna wiki nzima ya orientesheni kabla masomo hayajaanza. Baba anasema hiyo wiki ni ya kutembeatembea tu, hela ya kula Dar wiki nzima na bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) bado halijatoka itatoka wapi, bora nipande basi nifike siku masomo yanaanza. Na kaka yangu alosoma chuo kingine anasema orientesheni watu wanasinzia tu ukumbini. Nifanyeje?
— Binti wa Sumbawanga

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mfikishie baba salamu zangu na mwambie hoja yake ya hela ni ya kweli kabisa, Dar bila hela hata siku mbili ni ndefu. Ila hesabu yake aigeuze kidogo. Hilo bumu analolisubiri halitoki kwa mtu ambaye chuo hakijamsajili. Bodi ya Mikopo inapeleka hela kwa wanafunzi waliosajiliwa na waliosaini, sasa usajili wenyewe unafanyika lini? Wiki hiyo hiyo ya orientesheni. Ukichelewa kusajiliwa na bumu lako linachelewa, na ukisubiri bumu huku rafiki zako wameshasaini ndo utajua hela ya wiki moja iliyookolewa kule Sumbawanga imeliwa mara mbili huku.

Na usajili si kusaini tu mara moja ukaondoka. Utaombwa vyeti halisi vya form four na form six, cheti cha kuzaliwa, picha, fomu ya daktari iliyogongwa muhuri, uthibitisho kwamba umelipa kwa kontrol namba, bima ya afya, chumba, kitambulisho, halafu uingie kwenye mfumo usajili kozi zako moja moja. Kila kimoja kina foleni yake na ofisi yake, na ofisi zenyewe haziko jengo moja. Anayefika siku ya masomo anazunguka kwenye hayo yote huku wenzie wako lekcha wanagawiwa koz autlaini na kupangwa kwenye semina. Wiki ya pili anaanza kuomba notsi za watu.

Kuhusu kusinzia, kaka yako hajadanganya, kuna hotuba pale ni ndefu. Lakini kuna vikao vitatu nakuomba usivikose hata kama unaumwa na usingizi. Cha kwanza ni cha kanuni za mitihani. Pale ndo wanakueleza kosiweki (kazi na test za semista) ni 40 na UE (mtihani wa mwisho wa semista) ni 60, sapu (mtihani wa kurudia) ni nini, kukeri somo ulilofeli ni nini, mtu anadisko (anaondolewa chuo kwa kufeli) kwa sababu zipi, na ukiumwa siku ya test unatakiwa upeleke karatasi gani kwa nani. Watu wengi wanazisoma hizo kanuni siku matokeo yametoka, na muda huo hazisaidii kitu. Cha pili ni cha maktaba. Mlimani mna maktaba mpya kubwa iliyofunguliwa 2018 kwa msaada wa China, inakaa watu kama 2,100 kwa wakati mmoja, lakini fest yia wengi wanaitumia kama sehemu ya kukaa na kuchaji simu kwa sababu hakuna aliyewaonyesha namna ya kutafuta kitabu kwenye mfumo wala kuingia kwenye majarida ya mtandaoni ambayo chuo kimeyalipia. Wakutubi wanafundisha hayo, tena wanapenda kuulizwa. Cha tatu ni kikao cha idara yako mwenyewe, maana pale ndo unawaona walimu kwa sura na wanakwambia kozi zipi ni za lazima na zipi za kuchagua.

Tamasha na burudani ukizikosa hamna shida. Ila zunguka chuo chote kwa miguu ukiwa na ratiba mkononi, jua kumbi za Yombo na Nkrumah ziko wapi, na kama umepangiwa hosteli ya Mabibo jaribu ile safari ya asubuhi kabla hujawa na lekcha ya saa moja. Kama hela ni ngumu kweli kweli, basi usifike Jumatatu ya masomo, angalau fika siku zile za usajili na vikao hivyo vitatu.

*

Mwalimu salaam. Mwanangu amepata divisheni wani, amekwenda Dodoma. Naona kwenye ratiba yake kuna somo la stadi za mawasiliano, halafu kuna semina za jinsi ya kusoma na kupanga muda. Mtu amesoma miaka 13, amefaulu, leo anafundishwa kusoma? Hii si njia ya kula ada zetu?
— Mzazi, Singida

Salaam mzazi mwenzangu. Swali lako wanaliuliza wengi kimoyomoyo, bora wewe umelisema.

Kwanza hii kitu haikuanzia kwetu. Marekani chuo cha Reed kilikuwa na kozi ya namna hiyo yenye krediti tangu 1911. Ile inayoigwa zaidi ilianza 1972 katika chuo kikuu cha South Carolina, inaitwa University 101. Mei 1970 wanafunzi wa pale waliandamana kwa hasira za vita ya Vietnam, wakavamia jengo la utawala, rais wa chuo Thomas Jones akajikuta amezingirwa. Baadaye yule mzee alichojiuliza ni mbona hawa vijana hawajioni kama chuo ni chao, na moja ya majibu yake ikawa kozi ya mwaka wa kwanza ambapo mwalimu na kikundi kidogo cha wanafunzi wanakaa pamoja wanajifunza chuo ni nini na mtu anaishije na kusomaje ndani yake. Mpaka leo ipo.

Pili, angalia kilichobadilika kwa mwanao. Form six mwalimu alimwandikia notsi ubaoni, akamfuatilia, kengele ikamwamsha, prepu ikamkalisha chini usiku. Chuoni hivyo vyote vimeondoka siku moja. Piga hesabu hii na mimi. Kwa taratibu za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na digrii ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa semista. Hizo 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kila wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa ofisini. Sasa mwombe mwanao akutumie picha ya ratiba yake, hesabu lekcha na semina zote, uone kama zinafika hata saa 20. Zile saa nyingine zote ziko mikononi mwake peke yake na hakuna anayempigia kengele, na ndizo hasa zinazoamua atafaulu au hatafaulu. Hicho ndicho wanachomfundisha kwenye hizo semina. Divisheni wani yake ni ya kweli na kichwa anacho, ila hii kazi ni mpya kwake.

*

Shikamoo mwalimu, naandika nikiwa na hali mbaya kiukweli. Niko fest yia Morogoro, form six nilitoka na wani. Nakesha kila siku mpaka saa nane usiku, notsi nazisoma mara nne tano mpaka nazijua, nimepiga mistari kwa kalamu za rangi kitabu kizima lakini Test 1 ya DS (somo la Development Studies) nimepata 6 kwa 20. Nikiwa nasoma naona naelewa kabisa ila nikikaa kwenye pepa kichwa kinakuwa cheupe. Afu lekchara anaongea Kiingereza haraka siwezi kuandika vyote. Naogopa kudisko, nyumbani sijawaambia.
— Aliyekata tamaa

Marahaba mdogo wangu, pole, na kwanza tuondoe hofu kwa hesabu. Umepata 6. Kama Test 2 nayo ni ya 20 ukipata 14, halafu UE ukapata 40 kati ya 60, jumla yako ni 60, na vyuo vyetu vingi 60 ni B+. Hiyo ni DS moja na semista haijafika hata nusu, uko mbali sana na kudisko.

Sasa tatizo lenyewe. Uvivu huna, mtu anayekesha mpaka saa nane si mvivu. Unachofanya ni kurudia kusoma, na kurudia kusoma kunadanganya. Ukisoma ukurasa mara ya tano macho yanateleza, kila sentensi unaitambua, ubongo unakwambia hii naijua. Lakini kuitambua sentensi iliyo mbele yako ni kitu kimoja na kuitoa kichwani karatasi ikiwa nyeupe ni kitu kingine kabisa, na pepa linakudai hicho cha pili ambacho hujawahi kukifanyia mazoezi hata mara moja.

Kuna watafiti wawili, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 kule Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma. Kuna waliosoma wakasoma tena, na kuna waliosoma mara moja halafu wakafunika wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano wale waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42 na wale waliojipima walikumbuka 56. Ona ile dakika tano inavyomdanganya mtu, ndiyo maana usiku kimbwetani (pale kwenye meza za nje za kusomea) unajiona umeiva halafu Ijumaa kwenye pepa huna kitu.

Kwa hiyo fanya hivi kuanzia lekcha ya kesho. Chukua karatasi, piga mstari wa wima kuacha kama sentimita 6 upande wa kushoto, na chini acha nafasi ya mistari kama sita hivi. Huu mpango ulienezwa na Walter Pauk aliyekuwa anafundisha Cornell na unatumika dunia nzima kwa sababu ni rahisi. Wakati wa lekcha unaandika upande wa kulia tu, na usiandike kila neno, hakuna binadamu anayeweza. Sikiliza maana ya kitu, sababu, mfano, na pale anaposema "lakini", hapo ndo penye pepa. Tengeneza vifupisho vyako, ruka mistari ukipitwa, utaijaza kwa mwenzio baadaye.

Siku hiyo hiyo kabla hujalala, dakika 20 zinatosha, upande wa kushoto andika maswali. Tuseme mmefundishwa nadharia za maendeleo. Kulia kwako kuna zile hatua tano za Rostow za mwaka 1960, kutoka jamii ya kimapokeo mpaka matumizi makubwa, na kuna hoja za kina Walter Rodney, ambaye alifundisha hapo hapo Mlimani, kwamba umaskini wa Afrika haukuwa hatua ya kwanza ya safari, ulitengenezwa na ukoloni na biashara isiyo ya haki. Kushoto unaandika: hatua tano ni zipi? Rostow anadhani nchi zote zinapita njia moja, kwa nini? Rodney angemjibu nini? Kule chini andika sentensi mbili za somo zima kwa maneno yako. Halafu funika kulia kwa daftari na ujibu kwa sauti. Utakwama, na ni sawa kukwama, hapo ndipo kazi inapofanyika. Ukikwama jaribu kwanza kukumbuka kabla ya kufunua. Rudia baada ya siku mbili tatu, tena baada ya wiki, kila mara kwa kufunika. Dakika kumi kumi zilizotawanyika zinashika kuliko saa sita za mkesha mmoja.

Kuhusu Kiingereza, hiki kitu kinawaumiza wengi na hawakisemi kwa aibu. Jieleze kwa Kiswahili kwanza, kama unamweleza mdogo wako nyumbani, mpaka ujue kweli umeelewa. Kisha sema tena kwa Kiingereza cha kawaida, kibovu hivyo hivyo. Kisha andika aya moja. Usiishie kwenye Kiswahili tu kwa sababu pepa utajibu kwa Kiingereza, na usianze na Kiingereza kwa sababu utakariri maneno bila kitu ndani. Na koz autlaini ina orodha ya vitabu, soma walau sura moja kabla ya lekcha, maneno ukiyakuta mdomoni kwa lekchara unakuwa umeshayaona.

Wiki moja kabla ya Test 2 tafuta pasti pepa, kaa chumbani simu ikiwa mbali, weka dakika walizoweka wao, jibu bila notsi. Na saa nne saa tano usiku lala. Kile ulichosoma kinahitaji usingizi ili kikae, kukesha unakiharibu mwenyewe.

Halafu chukua ile karatasi ya Test 1 uende kwa lekchara saa zake za ofisi. Usimwambie "nionee huruma", mwambie "naomba unionyeshe jibu la swali la pili lilitakiwa liweje". Wengi wao watakueleza vizuri tu. Nyumbani waambie unavyojisikia, hata mama tu.

*

Habari za kazi mwalimu. Masenya (wanafunzi wa miaka ya juu) wanasema Communication Skills ni somo la kudesa tu, unachukua madesa ya mwaka jana unabadilisha jina unasabmiti, muda unauweka kwenye masomo ya maana. Ni kweli?
— Injinia mtarajiwa

Nzuri. Si kweli, na nitakuonyesha kwa namba maana wewe ni mtu wa namba. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Chukua kozi tano zenye uzito sawa, nne umepata B+ na hii ya kudesa umepata C, GPA yako ni 3.6. Ungepata B+ na hapa ingekuwa 4.0. Apa sekondi (daraja la pili la juu) inaanzia 3.5, kwa hiyo na hiyo 3.6 unatembea ukingoni kabisa kwa sababu ya somo ulilolidharau. Kwenye GPA halijaandikwa ni la maana au si la maana, limeandikwa na uzito wake tu.

Na hayo madesa ya mwaka jana, anayesahihisha ni yule yule aliyeyasahihisha mwaka jana. Wizi wa maandishi unachukuliwa kama udanganyifu wa mtihani, kosa ambalo mtu anaweza kufukuzwa chuo. Hata ukikopi mtandaoni au ukaiachia programu ya simu ikuandikie, siku ya prezentesheni ukiulizwa swali moja la nyongeza utasimama tu.

Lakini hata tuache maksi. Mwaka wa mwisho utaandika projekti: utasoma ripoti za wengine, utachambua, utanukuu kwa utaratibu, utaandika kurasa nyingi na kuzitetea mbele ya jopo. Mahali pekee utakapofundishwa kunukuu na kupanga hoja hatua kwa hatua ni hilo somo la fest yia. Nimeona vijana wa mwaka wa mwisho wana data nzuri kabisa na hawajui kuandika aya moja inayoeleweka, inaumiza sana kuangalia.

*

Mwalimu, group asaimenti yetu tuko kumi, tunaofanya ni watatu. Tufanyeje?
— Mchovu, Mbeya

Gaweni siku ya kwanza, kila mtu kipande chake na tarehe yake, iandikwe kwenye grupu la WhatsApp ili isibishaniwe. Mkutane uso kwa uso mara mbili tu, kugawa na kuunganisha. Asiyeleta kipande chake akikumbushwa mara mbili mwambieni mwalimu wa semina mapema kabla ya kusabmiti, siku ya kusabmiti hawezi kuwasaidia. Na usikubali kufanya kipande cha mtu "ili tu iishe", utafanya hivyo miaka yote mitatu.

*

Mwalimu habari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Lindi, nina miaka 38, watoto watatu. Nimejiunga Chuo Kikuu Huria. Sina lekcha za kila siku, sina wenzangu, ni mimi na vitabu. Wamenitumia ujumbe kuna orientesheni kituo cha mkoa Jumamosi, nina msiba wa jirani na shamba. Ni muhimu kweli kwa mtu mzima kama mimi?
— Mwalimu wa Lindi

Nzuri mwalimu mwenzangu, na hongera, kurudi shule ukiwa na watoto watatu si jambo dogo. Kwako hiyo orientesheni ni muhimu kuliko kwa yule binti wa Sumbawanga. Yeye akikosa kitu ataambiwa na mwenzie wa chumba kimoja, wewe huna mtu wa chumba kimoja. Pale kituoni ndipo utaonyeshwa mfumo wa kusomea mtandaoni, jinsi ya kujisajili kwa mitihani na tarehe za mwisho, na Huria ukipitwa na tarehe ya kujisajili kwa mtihani hakuna anayekuja kukukumbusha mlangoni. Msibani nenda Ijumaa jioni au Jumamosi baada ya kikao, majirani wataelewa ukiwaeleza mapema.

Kuhusu muda usitafute saa nne za mfululizo, kwa maisha yako hazipo. Tafuta dakika 45 za alfajiri kabla watoto hawajaamka, siku tano kwa wiki, na Jumapili saa mbili za kujipima kwa kufunika kama nilivyomweleza yule wa Morogoro. Usianze na kozi zote alizojisajili mtu asiye na kazi, anza na chache, Huria wanakuruhusu kwenda kwa mwendo wako. Na ukiwa kituoni Jumamosi usiondoke kabla hujapata namba za watu wawili wanaosoma kozi kama zako, hata kama mmoja yuko Nachingwea na mwingine Kilwa, mkubaliane siku moja ya wiki mnapigiana simu mnaulizana maswali ya sura mliyosoma.